Ukichemsha njugu nyumbani, anza na ungo kabla ya sufuria

Kila mwaka ifikapo Julai na Agosti, njugu mpya kutoka Homa Bay, Migori, Busia na Bungoma huanza kuingia kwa wingi katika masoko ya mijini. Utaziona Gikomba na Kibuye zikiwa bado ndani ya maganda yake, zimejaa udongo, na kando yake utamwona mama ameketi na beseni la njugu zilizochemshwa akipimia wateja kwa kikombe. Huo ndio msimu ambao wagonjwa wangu huniuliza maswali kuhusu njugu kuliko wakati mwingine wowote. Je, za kuchemsha ni bora kuliko za kukaanga? Je, zinapandisha presha? Je, mtoto anaweza kupewa?

Nitayajibu hayo yote, msomaji, lakini kwanza nina jambo la kukiri.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja kumwona daktari kwa sababu ya mgongo. Alipokuwa akiondoka aligeuka mlangoni, kama wafanyavyo wagonjwa wenye swali la maana, akaniambia: "Daktari, nina njugu zangu kama kilo tano zimeshika ukungu kidogo. Nikizichemsha vizuri si zitafaa?" Nami, huku nikiwaza foleni iliyokuwa nje, nikamjibu: "Zichemshe sana, mama. Moto huua kila kitu."

Jioni hiyo nikayasimulia hayo nyumbani kama mzaha. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ametutembelea kutoka upande wa Busia, alikuwa amepakata ungo akichambua njugu za siku ya pili. Hakucheka. Akasema tu, "Ukungu hautoki kwa moto, baba. Zile hutupwa." Nikaenda kufungua vitabu vyangu nikijua tayari kwamba nimeshindwa. Nilipompata yule mama kwa simu siku mbili baadaye, njugu zilikuwa zimekwisha kuliwa. Hakuna aliyeharisha wala kutapika pale nyumbani kwake. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, kwa sababu sumu ninayotaka kukueleza leo mara nyingi haipigi hodi.

Njugu zisipokauka vizuri, au zikiwekwa mahali penye unyevu na joto, huota ukungu uitwao *Aspergillus flavus*. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Wataalamu waliigundua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka wa 1960, na uchunguzi ukaonyesha kuwa walikuwa wamelishwa chakula kilichotengenezwa kwa makapi ya njugu kutoka Brazili. Sisi hapa Kenya tunaijua sumu hiyo zaidi kwa sababu ya mahindi. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo ya karibu, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Wengi husahau kwamba njugu hushambuliwa na ukungu uo huo.

Wale wa 2004 walikula sumu nyingi kwa muda mfupi, na maini yao yakashindwa kufanya kazi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hasikii lolote, hadi siku moja anapojikuta na saratani ya ini. Hatari hiyo huzidi mara nyingi kwa mtu ambaye pia ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya ugonjwa huo iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wachanga nchini mwaka wa 2001, kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, kama mimi, huenda hukuwahi kuchanjwa. Muulize daktari wako akupime damu. Ni kipimo rahisi, na ukionekana huna virusi hivyo unaweza kuchanjwa hata ukiwa mtu mzima.

Sasa turudi kwenye sufuria. Kosa langu lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Moto huua ukungu wenyewe, kwani ukungu ni kiumbe hai. Lakini sumu ambayo ukungu huo umekwisha kuitoa si kiumbe hai, na haiuawi. Maji huchemka yakifika joto la digrii 100, na kwa sababu ya mwinuko wa Nairobi, hapa kwetu huchemka kwenye digrii 95 hivi tu. Aflatoksini huhitaji joto la zaidi ya digrii 200 ndipo ivunjike. Unaweza kuchemsha njugu mbovu tangu asubuhi hadi jioni, umalize makaa yote, na bado ukapakua sumu kwenye sahani. Chumvi haisaidii. Magadi hayasaidii. Kukaanga nako hakutoshi, na kusaga ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa njugu iliyooza haionekani tena.

Je, ni kiasi gani kinachodhuru? Sheria yetu inaruhusu mikrogramu 10 za aflatoksini katika kila kilo ya njugu, wala si zaidi. Ili ujue udogo wa kiasi hicho, ni sawa na gramu moja kutawanywa katika magunia zaidi ya 1,100 ya kilo 90. Ndiyo maana nasema ulimi wako na pua yako si maabara.

Hata hivyo usikate tamaa, kwa sababu kuna jambo moja linalokusaidia. Sumu hii haisambai sawasawa katika gunia. Punje chache mbovu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu yote. Ukiziondoa hizo, umepunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Wazee wetu waliokuwa wakikaa na ungo mapajani kabla ya kupika walikuwa wakifanya kazi ambayo viwanda siku hizi hufanya kwa mashine za gharama kubwa.

Ukinunua njugu zenye maganda, zimwage kwenye ungo au karatasi mahali penye mwanga wa jua, si chini ya taa ya jikoni. Tupa zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, zilizoanza kuota, na zenye unga wa kijani, wa manjano au mweusi. Kisha bandua chache uzitazame ndani. Ikiwa katika kila kumi unakuta mbili au tatu zimebadilika rangi, usijisumbue kuchambua. Zirudishe zote au zitupe. Ukinunua zilizobanduliwa, ondoa punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zile ambazo ngozi yake ina madoa. Kazi hii huchukua nusu saa kwa kilo moja. Washa redio.

Lazima niongeze kwamba punje inaweza kuwa na sumu bila kuonyesha ukungu wowote, hasa kama mvua ilikatika wiki za mwisho kabla ya mavuno. Kuchambua hupunguza hatari, hakuifuti. Lakini njugu mbichi zilizong'olewa siku hiyo au jana yake, zilizokomaa na zenye maganda mazima, ndizo zenye nafasi ndogo zaidi ya kuwa na sumu, kwa kuwa ukungu haukupata muda wa kukaa. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kupenda njugu za kuchemsha: huliwa zikiwa mpya. Mfuko wa njugu zilizosagwa hakuna anayejua ulilala ghala gani na kwa miezi mingapi.

Baada ya kuchambua, osha njugu za maganda kwa maji matatu au manne hadi udongo uishe. Kwa kilo moja tumia sufuria kubwa na maji lita tatu hivi. Njugu zitaelea, weka sahani nzito juu yake zizame, kisha funika. Zikiwa mbichi kutoka shambani, zitaiva baada ya saa moja hadi moja na nusu. Watu wa Mombasa watangulie kuonja, kwani maji yao huchemka kwa joto la juu kidogo kuliko yetu. Zikiwa zimekaushwa, ziloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, na uwe tayari kuzichemsha kwa saa tatu au nne, ukiongeza maji ya moto kila yanapopungua. Zilizobanduliwa na kulowekwa huiva kwa saa moja na kitu. Njugu iliyoiva hulainika kama maharagwe. Ukiuma ikavunjika kwa mlio, irudishe motoni. Na punje yoyote utakayoiona chungu mdomoni, iteme bila aibu, hata kama uko mbele ya wageni.

Kuhusu chumvi, hapa ndipo wagonjwa wangu wengi huharibu chakula kizuri. Nina mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye presha yake ilikataa kushuka kwa miezi minne ingawa alimeza dawa zake kila siku. Nikambadilishia dawa mara mbili. Siku moja mkewe aliyemsindikiza akaniambia: "Daktari, huyu hali chumvi mezani kabisa, lakini muulize kile kibakuli cha jioni." Kumbe kila jioni alikuwa akinunua njugu za kuchemsha karibu na steji, zilizopikwa kwa chumvi nyingi na magadi, akila huku akisoma gazeti. Tulimwomba achemshe zake mwenyewe. Presha ilishuka, na nikamrudishia dawa ile ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ya mboga, mkate na kila kitu kingine. Gramu 100 za njugu zilizochemshwa kwa chumvi nyingi zinaweza kukupa karibu gramu mbili peke yake. Basi kwa sufuria ya kilo moja weka vijiko viwili vya chai visivyojaa, katika nusu saa ya mwisho. Ukizima jiko ziache ndani ya maji yake nusu saa nyingine, kwani chumvi huingia wakati wa kupoa. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asiweke kabisa. Atumie tangawizi, pilipili au maji ya ndimu. Magadi nayo yana sodiamu sawa na chumvi, kwa hiyo usijidanganye kwamba hukuweka chumvi.

Wanaopunguza uzito huniambia kwamba njugu za kuchemsha hazinenepeshi. Si kweli kabisa. Gramu 100 za kuchemsha zina kalori 318 hivi, na za kukaanga zina karibu 590, lakini tofauti hiyo huletwa na maji ambayo njugu imeyanywa. Faida ni kwamba unashiba mapema, na kule kubandua maganda moja moja hukupunguzia kasi. Protini ipo, na ni ya bei nafuu kuliko nyama.

Watoto ni jambo lingine. Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano njugu nzima, hata kama imelainika namna gani. Nimewahi kumwona mtoto wa miaka miwili aliyetibiwa nimonia kwa wiki tatu, kumbe kipande cha njugu kilikuwa kimekwama katika njia ya hewa ya pafu la kulia. Mponde zigeuke uji. Na kama mtoto au mtu mzima yeyote amewahi kuvimba midomo, kutokwa na vipele au kubanwa pumzi baada ya kula njugu, asijaribu za kuchemsha akidhani ni salama kwake. Kuchemsha hupunguza baadhi ya vitu vinavyoleta mzio, hakuviondoi vyote.

Njugu zilizochemshwa hazikai. Zimejaa maji, na zikilala kwenye sufuria iliyofunikwa usiku mmoja huanza kuteleza na kunuka. Zichuje zikipoa, uziweke kwenye friji, na uzile ndani ya siku tatu au nne. Kama huna friji, chemsha za kutosha siku moja tu. Zile mbichi ulizobakisha zitandaze juani juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo, hadi ukitikisa ganda usikie punje ikilia ndani; kisha uzihifadhi katika gunia la katani mahali pakavu palipoinuka kutoka sakafuni. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, na unyevu ndio ukungu unaoutaka.

Mwisho, wengi huuliza zile mbovu wazipeleke wapi, na jibu la haraka huwa ni kuku au ng'ombe. Usifanye hivyo. Kuku watadhurika kama wale bata mzinga wa Uingereza, na ng'ombe aliyekula aflatoksini huitoa kwenye maziwa, hivyo itakurudia asubuhi ndani ya chai. Mama mkwe wangu huchimba shimo dogo nyuma ya nyumba na kuzifukia. Kama unaishi kwenye ghorofa, zifunge vizuri kwenye taka, mahali ambapo mbuzi wa mtaani hawatazifikia.