Dampo likihama, nani anahamiwa?

Mwaka 1991 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilisimama mbele ya Mahakama Kuu kuomba iongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka Tabata. Haikuwa mara ya kwanza. Wakazi wa Tabata walikuwa wamelishtaki jiji tangu 1988 kwa sababu ya moshi na uvundo, na mahakama ilikwisha kuamuru taka zisimwagwe tena pale, jiji litafute mahali pasipohatarisha afya za watu. Jiji likaomba muda, likapewa. Likaomba tena. Safari hii shauri likaangukia kwa Jaji Kahwa Lugakingira, naye akakataa katakata. Alishangaa kuona mamlaka ya umma inakuja mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuweka roho za watu hatarini, akaikumbusha ibara ya 14 ya Katiba, ile inayompa kila mtu haki ya kuishi.

Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo, namba 299 ya mwaka 1988, mpaka leo, na wanastahili kuisoma. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988 tu. Watu wa Tabata hawakungoja wino ukauke. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kule yalikokwenda magari ya taka baada ya kufukuzwa Tabata.

Yalikwenda Kunduchi Mtongani. Huko nako mamia ya wakazi wakafungua shauri mwaka huohuo wa 1991, wakaonyesha kwamba eneo lao limepangwa kuwa la makazi, wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, pembeni ya bonde la Msimbazi, zikakaa pale sehemu kubwa ya miaka ya 1990 huku wenyeji wakipiga kelele. Kisha zikaenda Mtoni, upande wa Temeke. Mtoni palipojaa na watu wakachoka, likafunguliwa dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako magari yanamwaga hadi sasa.

Zipitie sehemu hizo moja baada ya nyingine, utaona kila mara jiji lilichagua pembezoni, penye viwanja vya bei nafuu na watu waliohamia juzi, na kila mara pembezoni pakageuka kuwa mjini kabla dampo halijajaa. Tabata ya leo ina baa, benki na foleni. Anayejenga Chanika au Majohe leo hii asidhani yuko mbali.

Nina maoni yangu kuhusu jambo hili, nayo ni mafupi. Halmashauri zetu husikia malalamiko yaliyoandikwa. Yanayosemwa kibarazani kwa jirani, ndani ya daladala au kwenye kundi la WhatsApp la mtaa yanapunguza hasira na kuishia hapo. Tabata na Kunduchi hawakuwa na kelele nyingi kuliko Vingunguti. Walikuwa na karatasi.

Tuanzie chini, kwenye geti la nyumba ya kawaida. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya 2022, na jiji la ukubwa huo linazalisha zaidi ya tani 4,000 za taka kwa siku. Siku ya gari la taka, viroba vinatolewa nje tangu alfajiri. Saa nne jua limeshapanda, mbwa wameshachana viwili, kuku wanamalizia. Muokota chupa amepita, amefungua vyote akitafuta plastiki, amefunga kimoja. Saa nane kinasikika kile king'ora ambacho kila mtu anakijua, na vijana wawili wanakimbia nyuma ya gari bila glavu, mmoja yuko juu ya mzigo, maji meusi yanachuruzika barabarani hadi kona. Hiyo ndiyo siku nzuri. Siku mbaya gari halipiti, viroba vinarudishwa ndani ya geti, na wiki inayofuata dada mwenye kitabu cha risiti anagonga mlango kama kawaida.

"Dada yangu, gari lenyewe halijapita, nakulipa nini?"

"Mama, mimi nimetumwa kukusanya tu. Hayo mwambie mwenyekiti."

Dada wa watu hasemi uongo. Uzoaji wa taka katika mitaa mingi umekabidhiwa kwa wakandarasi na vikundi vinavyopewa eneo kwa mkataba na halmashauri, na kipato chao hutoka kwenye ada ile ya nyumba kwa nyumba. Utaratibu huu una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilikuwa limeelemewa kiasi kwamba taka zilizokuwa zikizolewa hazikufika hata asilimia 5 ya zilizozalishwa, na mwaka 1994 ndipo kampuni binafsi ikaanza kuingizwa katika kazi hiyo, kwanza katika kata za katikati. Mwaka 1996 Serikali ikalivunja baraza lote la jiji, ikaweka Tume, na Tume ikaupanua mpango huo. Kwa kiasi chake ulisaidia. Wenye umri wanaikumbuka Kariakoo ya 1992.

Lakini hesabu ya mkandarasi ipige mwenyewe. Kutoka Mbezi au Bunju hadi Pugu Kinyamwezi ni kuvuka jiji zima pamoja na foleni zake. Gari likifanya safari moja kwa siku, mbili zikiwa za bahati, mafuta yanakula ada ya mitaa kadhaa. Nyumba zinazolipa zinapungua kwa sababu gari halipiti, na gari halipiti kwa sababu nyumba zinazolipa zimepungua. Katikati ya mzunguko huo kuna kijana mwenye guta anayekuja usiku, anachukua shilingi mia tano kwa kiroba, na hakuna anayemuuliza anakwenda kumwaga wapi. Wote tunajua. Mvua za masika zikishika, kuna majirani wanaosubiri mtaro ufurike ndipo wafungue viroba vyao juu ya maji. Kiroba kinaondoka Kimara au Mabibo kikiwa cha mtu, kikifika Jangwani kinakuwa cha Serikali.

Linganisha ada hiyo ya taka na kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme imeshaondoka, mpangaji analipia jengo la mwenzake na hakuna wa kugonga mlango. Kodi ile ilitolewa mikononi mwa halmashauri, na Serikali Kuu ikaikusanya bila jasho. Halmashauri zikabaki na ile ngumu, ya kugonga geti kwa geti kudai pesa ya kuzoa maganda ya ndizi. Silalamikii LUKU, ingawa wapangaji wana haki ya kulalamika. Nasema tu kwamba wenye mamlaka walipotaka fedha ikusanywe, waliipata njia.

Turudi kwa mwenyekiti, maana mama ameambiwa akamwambie mwenyekiti. Wenyeviti wa mitaa tulionao walichaguliwa Novemba 27, 2024, kwa miaka mitano. Mwenyekiti hana mshahara, ana posho inayotegemea hali ya mapato ya halmashauri. Ofisi yake mara nyingi ni chumba kimoja chenye benchi nje, meza, muhuri na mtendaji wa mtaa ambaye yeye ndiye mwajiriwa. Watu hufika pale kwa barua ya utambulisho ya benki, kwa ugomvi wa mpaka, kwa mazishi, kwa dhamana ya kijana aliyekamatwa. Wanampa shikamoo zake na kuondoka na karatasi iliyogongwa muhuri. Wachache sana huja kuuliza mkataba wa taka wa mtaa wao unasema gari lipite mara ngapi kwa wiki.

Swali hilo lina mahali pake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, namba 8 ya mwaka 1982, inautambua mkutano wa wakazi wote wa mtaa, na utaratibu unataka mkutano huo ukae kila baada ya miezi miwili, mtendaji asome taarifa ya mapato na matumizi, watu wahoji. Linalohojiwa linaingia kwenye muhtasari. Muhtasari unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake. Kutoka pale suala linakwenda halmashauri, kwenye kamati ya kudumu inayohusika na mipango miji na mazingira, na mwisho Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka na hupokea taarifa za kata kabla ya kuingia kwenye taarifa za kamati. Mkurugenzi, ambaye ni mteule wa Rais, ndiye katibu wa baraza hilo. Diwani akisimama na hoja iliyotoka kata yake ikiwa na tarehe na idadi ya waliohudhuria, mkuu wa idara anatakiwa ajibu, na jibu lake linaandikwa nalo. Akisimama na maneno ya "wananchi wangu wanalalamika", anajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi.

Nimekaa katika mikutano ya mitaa ya kutosha kujua inavyokwenda. Tangazo linabandikwa kwenye mti au ukuta wa duka la Mangi, mkutano saa tisa. Saa tisa wapo wajumbe, wazee na kina mama wa vikundi wanaofuatilia mikopo ya asilimia 10. Vijana wako kwenye mpira, wenye magari hawajarudi, waliojenga ghorofa wametuma dada wa kazi akasikilize. Saa kumi na nusu akidi inatafutwa kwa kupigiana simu. Taarifa ya fedha inasomwa haraka kama taarifa ya msiba wa mbali, halafu swali la kwanza linakuwa la taa ya barabarani iliyo mbele ya nyumba ya muulizaji. Kwa haki, mikutano mingine haiitishwi kabisa, na mwenyekiti anayeogopa kuulizwa ana sababu mia za kuahirisha. Ila sheria haijafutwa, na wakazi hawakatazwi kumwandikia mtendaji wa kata kwamba mkutano wao umepita miezi sita haujakaa.

Hapo ndipo nawafikiria watu wa Pugu Kinyamwezi. Hali yao ni ngumu kuliko ilivyokuwa ya Tabata, na sababu yake ni ya kiutawala zaidi kuliko ya harufu. Siku zile jiji lilikuwa moja, na wa kumshtaki alijulikana. Leo mkoa una halmashauri tano: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ile halmashauri iliyokuwa juu ya zote ilivunjwa na Rais Magufuli Februari 2021, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji. Mkazi wa Pugu anamchagua diwani anayeingia katika baraza moja, wakati dampo lililo jirani yake limekuwa likipokea magari ya halmashauri nyingine zote. Diwani wake hawezi kumhoji mkurugenzi wa Kinondoni. Dampo likishika moto, kama lilivyoshika mara kadhaa, moshi hauchagui mpaka wa kata, lakini hoja ya kuuzima inatoka kata moja.

Kinondoni angalau ilijaribu. Kule Mabwepande kuna kiwanda cha kugeuza taka za masokoni kuwa mboji, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, ambalo ni jiji rafiki la Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya taka zetu ni mabaki ya chakula: maganda, machicha ya nazi, majani ya mboga, vichwa vya samaki. Vitu hivyo vikitengwa sokoni kabla havijachanganyika na nepi na betri, gari la kwenda Pugu linapungua mzigo. Kiwanda kimoja hakiwezi kubeba mkoa. Kila halmashauri ikiwa na chake, kikiwa na mzani na hesabu zinazosomwa barazani, Pugu itapumua.

Kwa hiyo hoja za kupeleka zipo, na si za kusubiri Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi tushike mafagio. Madiwani wa halmashauri nne zilizo nje ya Jiji wanapaswa kuulizwa na wapiga kura wao taka za kata zao zinakwenda wapi na halmashauri inalipia nini kwa Pugu. Diwani wa Pugu anapaswa kupata nafasi ya kusikilizwa katika kikao cha halmashauri zote tano, na mwenye uwezo wa kukiitisha ni Mkuu wa Mkoa.

Wewe msomaji, ukipita ofisi ya mtaa wiki hii kufuata barua ya utambulisho, omba na vitu viwili zaidi: tarehe ya mkutano ujao, na mkataba wa mzoa taka wa mtaa wako usomwe siku hiyo. Siku ya mkutano, ukishauliza, usiondoke kabla hujamwona mtendaji ameliandika swali lako kwenye muhtasari.