Bandari ya Dar: Kontena Likichelewa, Anayelipa Ni Nani?

Kwa wengi wetu tuishio ughaibuni, Bandari ya Dar es Salaam ndiko linakoshukia gari tulilojinyima kulinunua, au kontena la vifaa vya kumalizia nyumba ya mama. Ndiko pia inakopita shaba ya Zambia na Kongo kwenda nje, na mafuta na mbolea za majirani kuingia.

Tuliowahi kutuma mzigo tunaijua safari yake. Meli ikifunga gati, kreni hushusha makontena, mengine yakabaki uwanjani, mengine yakapelekwa bandari kavu. Hapo wakala wa forodha huanza kuzunguka na makaratasi: ankara, hati ya shehena, tathmini ya ushuru kutoka TRA. Mwenye mzigo ana siku chache za bure. Zikiisha, hutozwa gharama za kuhifadhi kila siku, na kampuni ya meli nayo hudai malipo ya kontena kuchelewa kurudishwa. Mtandao ukikatika au mkubwa wa kutia saini asipoonekana ofisini, anayelipa ni mwenye mzigo. Akiwa mfanyabiashara, hasara hiyo huihamishia kwa mnunuzi dukani.

Fedha zimetumika kuiboresha bandari. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 345, ili gati namba 1 hadi 7 ziimarishwe na kina chake kifikie mita 14.5, na lijengwe gati la kushushia magari. Oktoba 2023 DP World ya Dubai ilitia saini mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari, zikiwemo gati namba 4 hadi 7. Mwaka 2024 gati namba 8 hadi 11 zikaenda kwa ubia wenye Adani ya India na AD Ports ya Abu Dhabi.

Hatumpingi mwekezaji kwa taifa wala dini yake. Lakini mwaka 2023 baadhi ya waliokosoa makubaliano na Dubai walikamatwa, na jambo hilo halikuwaondolea wananchi mashaka.

Tunachodai ni kidogo. Mikataba iwekwe mahali mwananchi anapoweza kuisoma. Itangazwe meli isubiri siku ngapi nje na kontena litoke baada ya siku ngapi, na mwendeshaji akishindwa, alipe yeye. Mkopo ule utalipwa na Watanzania wote, nasi tuna haki ya kuuliza.