Kisu cha Kuku, Kisu cha Kachumbari

Mgeni wa heshima akipiga hodi Myanga, kule Bungoma, jogoo hana maisha marefu. Atachinjwa, atatiwa maji moto, atanyonyolewa, atababuliwa manyoya yaliyobaki, kisha apasuliwe, firigisi ikiwekwa kando kwa ajili ya mwenyewe. Akishatokota vizuri, kuku huyo hana neno tena. Balaa imebaki kwenye kisu, ubao na karai.

Utumbo wa kuku, hata aliye na afya, mara nyingi hubeba bakteria wa salmonela na kampilobakta. Yeye hawamsumbui, anayeharisha ni binadamu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba salmonela, tukiacha ile ya homa ya matumbo, huua watu 32,000 kila mwaka barani Afrika.

Kuwaua bakteria hao si kazi: nyama ikifika nyuzi 70 za Selsiasi mpaka ndani, wamekwisha, na mchuzi unaotokota hupita hapo. Lakini kachumbari haipikwi. Kisu kikisuuzwa juu juu kisha kikaingia kwenye nyanya, bakteria waliokikwepa chungu wanafika mezani wakiwa hai. Dawa yake ni mpangilio tu. Kata kachumbari kwanza, uifunike, ndipo umshike kuku. Ukimaliza, osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni. Maji ya kuoshea kuku yabaki karaini, mbali na vyombo, maana matone huruka mbali kuliko jicho linavyoona.

Tunapiga deki sakafu asubuhi na jioni, ilhali sakafu hailiwi. Kitambaa cha jikoni ndicho ningeanza nacho. Kimefuta meza, kimeepua sufuria, kimepangusa mdomo wa mtoto, sasa kimelala kimelowa kando ya beseni. Humo mna maji, joto na mabaki ya chakula, na bakteria hawahitaji zaidi. Wengine, hali ikiwafaa, huongezeka maradufu kila dakika 20: mmoja wa saa moja usiku anaweza kuwa zaidi ya milioni mbili ifikapo saa nane.

Kwa hiyo sioni aibu kusema kichanja cha vyombo kilicho nje, chini ya jua, kinazishinda jikoni nyingi za mjini Kitale ambako sahani hupanguswa kwa taulo bichi. Kampilobakta hasa haivumilii ukavu. Salmonela ni sugu zaidi, lakini pasipo unyevu nayo haiongezeki. Angalizo moja tu: kichanja kiwe juu, kuku wasikifikie.

Kitambaa nacho kichemshwe, kisha kianikwe juani hadi kikauke kabisa. Usingoje kinuke, harufu ile ni ya bakteria waliokwisha kushiba.