Noti Zimekwama Wapi? Simu, Laptopu na Foleni Iliyo Katikati

Wiki ya kujisomea kabla ya UE ndiyo wiki ambayo programu za noti huonyesha tabia zake zote. Muhula mzima mtu ameandika kwenye simu akiwa kipindini, anarudi hosteli anaendelea kwenye laptopu, mambo yanakwenda na wala hajiulizi yanakwendaje. Siku anayokaa kurevisi anakuta wiki ya tano mpaka ya saba iko kwenye simu tu, laptopu haina habari nayo. Au iko kwenye laptopu ya mwenzake wa diskasheni, kwake hakuna kitu. Hapo ushauri unaanza kumiminika chumbani, na wa kwanza karibu kila mara ni huu: "Futa hiyo apu, halafu iweke upya."

Usifute. Kama utaishia kusoma hapa kwa sababu foleni ya kafeteria imesogea, ondoka na neno hilo moja. Noti ambazo hazijafika kwenye seva zipo sehemu moja tu duniani, nayo ni hicho kifaa ulichoandikia. Ukiiondoa programu, au ukaingia kwenye mipangilio ya simu na kubonyeza kufuta data zake, unafuta nakala pekee iliyopo. Ukiiweka upya itasawazisha vizuri kabisa, itashusha kila kilichopo kwenye seva, na hizo wiki tatu hazitakuwemo. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, nakili maandishi yaliyokwama: yabandike kwenye meseji ya WhatsApp ya kujitumia mwenyewe, au kwenye barua pepe, au yapige picha ya skrini. Ni kazi ya dakika kumi, na baada ya hapo unaweza kuhangaika na programu bila presha.

Sasa tuone kwa nini zinakwama. Wengi tunaamini noti zinaishi "kwenye klaudi" na simu ni dirisha tu la kuchungulia. Kwa programu kama OneNote, Google Keep na Evernote sivyo ilivyo. Unapoandika, maandishi hukaa kwanza ndani ya kifaa chako, ndiyo maana unaweza kuendelea kuandika hata mtandao ukiwa umekata. Programu huyaweka mabadiliko hayo kwenye foleni, na njia ikifunguka huyapeleka kwenye seva. Kifaa cha pili nacho, kikiamka, huiuliza seva: tangu tulipoachana kuna jipya? Evernote hulifanya hili kwa namba za mfuatano. Kila badiliko likifika hupewa namba kubwa kuliko lililotangulia. Tuseme laptopu yako inakumbuka iliishia 840 na seva imeshafika 852. Inajua kuna vitu imevikosa na inaomba kuanzia pale.

Safari basi zina vipande viwili, kupanda kutoka kifaa cha kwanza na kushuka kwenye kifaa cha pili. Watu hupoteza jioni nzima wakikarabati laptopu wakati noti hazijawahi kutoka kwenye simu. Jipe dakika mbili za kupima kwanza. Fungua kivinjari chochote, ingia kwenye programu yako ya noti kupitia tovuti yake, kwa akaunti ileile, na utafute ile noti. Tovuti inakuonyesha kilichopo kwenye seva. Noti ikiwepo pale, simu imefanya kazi yake na mgonjwa ni laptopu. Isipokuwepo, achana na laptopu kabisa, tatizo liko kwenye simu.

Nikisema akaunti ileile ninamaanisha. Kesi nyingi zinazoitwa za usawazishaji ni za mtu mwenye akaunti mbili: barua pepe ya chuo na Gmail yake ya tangu kidato cha sita. Simu imeingia kwa moja, laptopu kwa nyingine, na kila upande unasawazisha kwa uaminifu kabisa na seva yake. Hakuna kilichoharibika hapo. Bonyeza ile picha ndogo ya wasifu kwenye vifaa vyote viwili, usome anwani yote herufi kwa herufi, usiishie kwenye jina.

Zinapogoma kupanda

Sababu ya kawaida ni mtandao, lakini mtandao wa kudanganya. Alama ya Wi-Fi imejaa, kumbe Wi-Fi ya chuo inakutaka kwanza ufungue ule ukurasa wa kuingiza namba ya usajili na nywila. Mpaka ufanye hivyo umeunganishwa na kifaa kilichoko ukutani tu, haujaunganishwa na intaneti. Programu ya noti haina namna ya kukuletea ukurasa ule. Inajaribu, inashindwa, inanyamaza. Bando nalo lina mtego wake. Bando la mitandao ya kijamii linapitisha WhatsApp na Instagram, basi unaona meseji zinaingia na unaamini una intaneti. Noti hazimo kwenye orodha ya bando hilo. Kipimo ni kilekile, fungua tovuti yoyote ya kawaida kwenye kivinjari. Isipofunguka, usiilaumu programu ya noti.

Simu yenyewe nayo inaweza kuwa ndiyo inayozuia. Android ina hali ya kuokoa betri na hali ya kuokoa data, na zote mbili hubana programu zisifanye kazi ukiwa huzitazami. Watengenezaji wengi wa simu huongeza na vyombo vyao vya "kusafisha" vinavyoua kila kilichoko nyuma ya skrini. Ukiandika noti, ukafunga simu ukaitia mfukoni, ile foleni imesimama hapohapo. Ingia kwenye mipangilio, tafuta programu ya noti, upande wa betri uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi, na upande wa data uiruhusu kutumia data ikiwa nyuma. Kama hutaki kwa sababu simu yako haifiki jioni na chaji (na nani haelewi hilo), basi jenga mazoea ya kuiacha programu wazi mbele ya macho yako kwa dakika moja baada ya kipindi, kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Halafu kuna nafasi. Noti za OneNote hukaa kwenye OneDrive, na akaunti ya bure ya OneDrive ni GB 5. Google hutoa GB 15, lakini hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha, kwa hiyo video za mahafali ya dada yako zinakula sahani moja na madesa yako. OneDrive ikijaa, OneNote huacha kupandisha. Na mara nyingi kinachojaza si maandishi. Muhula mzima wa kuandika kwa vidole haufikii ukubwa wa video moja fupi. Kinachojaza ni picha za ubao, slaidi za PDF zilizobandikwa nzimanzima na rekodi za sauti za saa mbili. Kwenye OneNote kila sehemu ya daftari huhifadhiwa kama faili moja, hivyo sehemu yenye rekodi nne ndefu ni mzigo mzito kuupandisha kwa mtandao wa hosteli saa tatu usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Rekodi ziweke kwingine, kwenye noti acha jina la faili na tarehe.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hauzungumzwi, na wenye laptopu za mtumba wanaujua bila kuujua. Laptopu ya zamani ina betri ndogo kama kifungo kwenye ubao mama, kazi yake kutunza saa kompyuta ikiwa imezimwa. Ikifa, kila ukichomoa umeme tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Muunganisho salama wa intaneti hutumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko miaka kadhaa nyuma inaona vyeti vyote bado havijaanza kutumika, inakataa kuunganishwa, na usawazishaji unakufa hapo. Angalia kona ya chini kulia. Kama tarehe ni ya ajabu, iweke kwenye hali ya kujipanga yenyewe na uchague majira ya Afrika Mashariki. Betri yenyewe ni ya bei ndogo na fundi yeyote wa kompyuta anaibadilisha.

Na umebadilisha nywila juzi? Kifaa kingine huenda bado kimeshika ile ya zamani, kinakusubiri uingie upya na kilishatuma taarifa uliyoitelezesha pembeni bila kuisoma.

Zimepanda, hazishuki

Tovuti inazo, laptopu haina. Huku presha ni ndogo kwa sababu noti ziko salama. Kwenye Google Keep angalia kumbukumbu na tupio kabla ya kulia. Noti iliyotelezeshwa pembeni kwa bahati mbaya huenda kwenye kumbukumbu na haionekani ukurasa wa mbele. Tupio la Keep hutunza noti siku 7 tu. OneNote ina subira zaidi: ukurasa uliofutwa hukaa kwenye pipa la daftari siku 60. Kwenye OneNote pia yawezekana daftari halijafunguliwa kabisa kwenye kifaa hicho. Kuingia kwenye akaunti ni jambo moja, kufungua daftari ni jingine, hasa la kikundi ulilotumiwa na mtu.

Kwa OneNote ya Windows, bonyeza F9 kulazimisha madaftari yote yasawazishwe. Kisha kwenye menyu ya faili, upande wa taarifa, fungua dirisha la hali ya usawazishaji. Litakuonyesha daftari kwa daftari ni lipi lina kosa, na makosa hayo huja na msimbo unaoweza kuutafuta. Daftari moja likigoma peke yake, lifunge na ulifungue upya kutoka kwenye tovuti. Ila lifunge pale tu ulipohakikisha laptopu hiyo haina maandishi yake ambayo hayajapanda.

Msomaji anayetaka kuhamisha folda na kubadilisha majina ndani ya OneDrive ili "kupanga vizuri" namshauri asubiri mpaka UE iishe. OneNote inalitafuta daftari mahali ilipoliacha. Ukilihamisha kwa mlango wa nyuma, kifaa chenye maandishi mapya hakioni pa kuyapeleka, na toleo la Windows huyakusanya kwenye kikapu cha sehemu zilizokosa mahali. Kikapu hicho hakisawazishwi, kipo kwenye kompyuta hiyo tu. Ukikiona, bonyeza kulia kwenye sehemu iliyomo na uihamishie kwenye daftari lililo hai.

Kuhusu madaftari ya kikundi

Hapa ndipo urafiki huvunjika. Watu watano wa diskasheni wana daftari moja. Asha na mwenzake wako nje ya mtandao, mmoja kwenye basi kutoka Dodoma, mwingine kwao ambako minara ni ya kubahatisha. Wote wanahariri jibu la swali la tatu. Wakifika mtandaoni, seva inapokea mabadiliko mawili yaliyoanzia toleo moja. Ifanyeje? Programu nyingine humpa ushindi aliyefika mwisho, kazi ya wa kwanza inafutika bila kelele. OneNote ina ustaarabu kidogo. Kama mlihariri aya tofauti, inaunganisha yote. Mkigusa aya ileile, inatunza nakala ya pili ya ukurasa na kuweka utepe wa njano juu kuwaambia kuna mgongano. Joplin, ambayo ni programu huria na ya bure, huzikusanya nakala za namna hiyo kwenye daftari lake maalumu la migongano.

Ule utepe wa njano watu huuogopa, au wanafuta ile nakala ya pili haraka wakidhani ni uchafu. Ndani yake kuna kazi ya mtu. Ufungue, zilinganishe kurasa mbili, nakili kinachokosekana kwenye ukurasa mkuu, ndipo ufute. Na kwa kikundi, dawa iliyo nyepesi kuliko zote ni kila mtu kuwa na ukurasa wake ndani ya daftari la pamoja, halafu mmoja, mara nyingi CR au yule mwenye mtandao wa uhakika, anaunganisha. Pia hakikisheni kila mmoja amepewa ruhusa ya kuhariri. Aliyepewa ya kusoma tu hana njia ya kupandisha chochote, hata akikaa chini ya mnara.

Wa mwaka wa mwisho wana shughuli moja ya ziada. Akaunti ya chuo si mali yako milele. Kuna siku itafungwa baada ya kuhitimu, kila chuo kina muda wake, na kitengo cha TEHAMA ndicho cha kukuambia lini. Noti zikiwa humo, zitoe kwenda akaunti binafsi mapema, au zihifadhi kama PDF. Za Keep unaweza kuzipakua zote kwa mkupuo kupitia huduma ya Google Takeout. Na hiyo Gmail utakayohamia uwe unaifungua mara mojamoja hata ukiwa field au kazini, kwa sababu Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.