Mashine za Kukatia Majani: Mkasi au Panga?

Kila mwaka mvua kubwa zinyeshapo, majani ya viwanja vya shule, makanisa, hospitali na nyumba za watu huota upesi kuliko wawezavyo kuyafyeka wale waliopewa kazi hiyo. Ndipo kamati hukutana na kuazimia kununua mashine. Shauri hilo ni jema, lakini mara nyingi mashine huchaguliwa kwa uzuri wa rangi yake au kwa urahisi wa bei yake, na baada ya misimu miwili huonekana imelala stoo ikishika kutu, hali fedha za wazazi zimekwisha kwenda. Tena si lazima iwe mashine mbovu. Huenda ilipewa kazi ambayo haikuundwa kuifanya.

Ijapokuwa madukani ziko mashine za namna nyingi, zile zisukumwazo juu ya uwanja hukata jani kwa njia mbili tu: njia ya mkasi na njia ya panga.

Njia ya mkasi ndiyo ya kale. Ilivumbuliwa na Mwingereza mmoja, jina lake Edwin Budding, aliyekuwa fundi karibu na mji wa Stroud. Sehemu hiyo ilikuwa na viwanda vya nguo za sufu, na humo ilitumika mashine yenye visu vya kuzunguka ambayo ilinyoa nyuzi zilizosimama juu ya kitambaa ili uso wake uwe laini. Budding aliona kwamba kile kinyoacho kitambaa chaweza kunyoa na majani, na mwaka wa 1830 akapewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Kabla ya hapo viwanja vya matajiri wa Uingereza vilikatwa kwa mundu wenye mpini mrefu. Baadaye zilitengenezwa mashine kubwa za kuvutwa na farasi, nao farasi walivikwa viatu vya ngozi ili kwato zao zisichimbe uwanja.

Katika mashine ya namna hii, visu vitano au sita vilivyopindwa kidogo hufungwa kuzunguka mhimili hata vikafanya umbo la pipa. Chini yake kuna kisu kingine, kipana, kisichozunguka. Mashine ikisukumwa, magurudumu huzungusha meno ya chuma, nayo meno hulizungusha pipa kwa kasi kupita magurudumu yenyewe. Kila kisu kipitapo huyasukuma majani juu ya kisu cha chini, na hapo jani hubanwa katikati na kukatika, kama kitambaa katikati ya makali mawili ya mkasi wa fundi cherehani. Kwa kuwa visu vimepindwa, havikutani na kile cha chini mahali pote kwa mara moja, bali huanza ncha moja na kuishia ncha nyingine. Kwa hiyo mashine huenda taratibu bila kushtuka.

Jani lililokatwa hivi hubaki na ncha safi, na uwanja huonekana kama zulia. Uwanja wa tenisi wa Wimbledon hukatwa kwa mashine za mkasi hata majani yakabaki na urefu wa milimita 8 tu. Lakini uzuri huo una gharama yake. Mkasi hautaki jiwe, wala kijiti, wala kichuguu, na majani yakirefuka hulala mbele ya pipa badala ya kuingia. Tena visu vikiachana kidogo tu na kile cha chini, havikati. Ili kupima, kipande cha karatasi huwekwa kati ya visu na pipa likazungushwa polepole, mtu akiviweka vidole vyake mbali na makali. Karatasi ikikatika safi kutoka upande mmoja hata wa pili, mashine i tayari. Ikikunjika tu, hapana budi skrubu za kurekebisha zikazwe. Gazeti hili lafaa sana kwa kazi hiyo, baada ya kusomwa.

Njia ya panga ni nyingine kabisa. Hapa pana kisu kimoja kirefu, kilicholala chini ya kifuniko cha chuma, nacho huzungushwa na injini kama mara 3,000 kwa dakika. Hakuna kisu cha pili cha kubania jani. Jani hukatika kwa sababu hupigwa kwa kasi kabla halijapata nafasi ya kuinama, kama mtu afyekavyo kwa panga. Ncha za kisu zimeinuliwa kidogo ili zivute upepo kwenda juu, na upepo huo huyasimamisha majani yaliyolala. Mashine hizi zilienea sana baada ya mwaka wa 1952, wakati Mervyn Victor Richardson wa Sydney, Australia, alipotengeneza iliyokuwa nyepesi na ya bei nafuu. Ile ya kwanza aliifanyia tangi la petroli kwa kopo la matunda.

Kwa viwanja vingi vya Kenya, panga ndilo lifaalo. Majani yaitwayo Kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na ambayo yamepelekwa hata Australia na Amerika, hutambaa na kushonana kama mkeka, na mashine ya mkasi isukumwayo kwa mikono hushindwa nayo upesi. Panga huyaweza, maadamu hayakuachwa yakarefuka mno. Yafaa kukata theluthi moja tu ya urefu wa jani kwa mara moja, kwani jani likinyolewa hata shina, mizizi hudhoofika na magugu hupata nafasi. Mkasi na uwekwe kwa mwenye kiwanja kidogo kilichosawazishwa vizuri, awezaye kukikata kila juma. Na mahali pa mitaro, miteremko mikali na majani yafikayo kiunoni, fyekeo la mkono bado halijapata mshindani kwa bei. Asiwepo mtu wa kuona haya kulitumia.

Lakini nguvu ya panga ndiyo hatari yake. Kisu chenye urefu wa sentimita 45, kikizunguka kwa kasi iliyotajwa, ncha yake hukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Jiwe dogo likipigwa hivyo hutoka kama risasi. Kwa hiyo uwanja uokotwe mawe, chupa na waya kabla ya kuanza, watoto wahamishwe mbali, na afanyaye kazi avae viatu vigumu, kamwe asivae ndara. Majani yakikwama chini ya kifuniko, injini izimwe na waya wa plagi uchomolewe kabla ya mkono kuingia, kwa maana kisu kikisukumwa hata kwa kidole chaweza kuiwasha injini yenye joto. Ya umeme nayo ichomolewe ukutani, wala isitumike penye majani mabichi ya mvua.

Mnunuzi na aulize mambo mawili kabla ya kutoa fedha: kama kisu cha akiba chapatikana mjini, na kama petroli yake yatakiwa kuchanganywa na oili. Nyingine huchanganywa kwa kadiri aliyoandika mtengenezaji. Nyingine oili ina mahali pake peke yake, na huyo aisahauye huiua injini siku moja.

Kiangazi kikiingia, tangi lifunguliwe petroli itolewe, kwani iliyokaa miezi mingi huharibika na kuziba kabureta. Mashine ilazwe upande, chujio la hewa likiwa juu, na majani yaliyoganda chini ya kifuniko yakwanguliwe kwa kijiti, kwa kuwa hapo ndipo kutu huanza.