Pakua ‘Mkutano’ kabla boti haijafika Mkanda

Kama umewahi kupanda boti ya Mtangawanda kutoka Amu, hesabu yake unaijua. Maji yakitoka, mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri, na huenda mkakaa hapo mkingoja yajae. Basi kabla hujaondoka gatini, pakua albamu moja: Mkutano, ya 2005.

Mwenye gitaa ni Taj Mahal, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, 1942. Wenzake ni Culture Musical Club ya Zanzibar, kikundi cha taarab kilichoanza 1958. Najua unachowaza: blues ni ya wazee wa Mississippi, taarab ni ya harusi ya shangazi. Ngoja kwanza.

Anza na Catfish Blues. Ni wimbo wa zamani, Robert Petway aliurekodi 1941, na siri yake ni kwamba haukimbizani na kodi (za gitaa, si za KRA). Unabaki palepale: gumba linagonga besi, vidole vingine vinatembeza tuni juu yake. Na taarab nayo haikujengwa kwa kodi. Ni tuni moja inayozunguka ndani ya maqam, udi, fidla na ganuni zikiifuata. Ndiyo maana hapa hakuna anayemsukuma mwenzake.

Si kote, lakini. Kuna nyimbo ambazo gitaa linakaa kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Nakuambia haya wewe mwenye gitaa chumbani, unayeambiwa uchague: hilo au udi wa babu. Usichague. Tafuta pia Mtindo wa Mombasa, ya 1990, ya Zein l’Abdin, mzaliwa wa Lamu. Acha uzi mnene wa gitaa lako uvume, kisha tafuta tuni ya udi wake kwenye nyuzi nyembamba. Utakwama, kwa sababu udi hauna vyuma shingoni na kidole kinasimama popote, hata katikati ya sauti mbili. Hapo vuta uzi pembeni kidogo, kama wanavyofanya watu wa blues. Taj mwenyewe hutanguliza gumba na kidole cha kati, si cha shahada. Jaribu uone vidole vinavyogoma.

Ukishuka Mtangawanda, vijana wa pikipiki watakuita wote kwa pamoja. Toa waya masikioni kwanza. Ulikuwa unakwenda Siyu, usije ukajikuta Kizingitini.