Askari wa Damu Wapiganavyo na Malaria

Katika nyumba moja ya Takaungu au Gede, bibi na mjukuu wake wa miaka miwili huweza kuumwa na mbu usiku mmoja. Baada ya wiki mbili hivi mtoto yu hoi kwa homa, na bibi yuko shambani akipalilia mahindi. Kwa nini?

Mbu jike wa Anofelesi hutia ngozini vijidudu vichache tu. Vikishaingia katika damu, huchukua dakika chache kufika katika ini. Humo hukaa kama wiki moja, na mtu hasikii lolote. Lakini kijidudu kimoja huzaa maelfu. Kisha hutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu, na kila saa 48 hivi huzipasua na kuingia nyingine. Hapo ndipo homa huanza.

Mwili nao una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Wako walaji, ambao humzunguka adui na kummeza mzima mzima. Wako pia wauaji wa asili, ambao hawangoji kufundishwa: huiua chembe iliyovamiwa pamoja na mgeni wake, tena huwaita wenzao. Ngome yao kubwa ni bandama, ambayo huichuja damu. Ndiyo sababu mtoto augualye malaria mara kwa mara huvimba upande wa kushoto wa tumbo.

Lakini adui huyu hubadili mavazi, na askari huyajua moja moja, kwa kuugua. Damu ya bibi imekwisha jifunza: ina kinga zinazomgandia adui kama alama, walaji na wauaji wakamtambua mara. Ya mtoto bado, na ugonjwa waweza kumwua kwa siku chache. Basi akipata homa apelekwe zahanati siku ile ile akapimwe damu. Hata mtu mzima akikaa Nairobi miaka mingi ujuzi huo hupungua, naye huja Malindi kwa likizo akashangaa kuugua.

Haya yamechunguzwa Kilifi kwenyewe, katika kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka wa 1989. Baina ya 2016 na 2018 watu wazima waliojitolea, na ujasiri wao si haba, walidungwa vijidudu vilivyo hai huku wakiangaliwa na madaktari. Baadhi walishikwa na homa. Wengine hawakuugua kabisa.

Chanjo ya R21, ambayo ilijaribiwa Kilifi pia, ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2023. Huufundisha mwili kumkamata adui akali njiani kwenda kwenye ini, nayo hutolewa tangu mtoto apatapo miezi mitano.